Waridi na Baridi: Namna Nchi Mbalimbali Zinavyolilinda Ua Lisiuawe na Majira ya Theluji

Mtu aliyezaliwa na kukulia karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, hupata taabu kuamini kwamba ziko nchi ambako mmea huzikwa ardhini ukiwa hai ili usife. Lakini ndivyo ilivyo. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ifikapo katikati ya mwezi wa Oktoba wakulima wa maua huchimba handaki kando ya mwaridi, huulaza mwaridi huo ndani yake, huufukia kwa udongo, kisha hurundika majani makavu juu yake. Mmea hukaa gizani humo hadi mwezi wa Aprili. Askari wa kwetu anayekwenda masomoni katika nchi za namna hiyo huiona bustani iliyojaa matuta marefu, naye asipoambiwa huenda akafikiri kwamba anapita makaburini.

Makala haya yanakusudia kueleza siri ya matuta hayo, na namna watu wa nchi nyingine wanavyoliandaa waridi kwa majira ya baridi. Jambo hili linatuhusu sisi wa jeshi na polisi. Mbele ya vituo vingi vya polisi na mesi za maafisa katika Afrika Mashariki, vitanda vya maua vilivyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa ni kitu cha kawaida, na mara nyingi waridi limo. Hali kadhalika, waridi limepandwa mbele ya mawe ya makaburi ya maelfu kwa maelfu ya askari waliokufa katika vita viwili vikuu vya dunia. Tena, kazi yenyewe ni ya ulinzi: ina adui, ina zamu, na ina saa yake. Aliyekosea saa hupata hasara hata kama ana vifaa vyote.

ADUI NA SILAHA ZAKE

Watu wengi hudhani kwamba baridi huua mmea kwa kuugandisha tu. Sivyo hasa. Tawi la mwaridi limejengwa kwa seli nyingi ndogo zenye maji. Baridi inapozidi, barafu huanza kufanyika katika nafasi zilizo baina ya seli. Barafu hiyo huyavuta maji yaliyomo ndani ya seli, nazo seli hunywea na kukauka. Kwa hiyo mmea unaouawa na baridi, kwa kweli, hufa kwa kiu huku umezungukwa na maji yaliyoganda. Ikiwa baridi imeingia kwa ghafula mno, barafu hufanyika ndani ya seli zenyewe na kuzipasua.

Hata hivyo mwaridi haukuachwa bila silaha. Siku zinapofupika na usiku kuwa wa baridi, mmea huacha kukua. Sukari huongezeka katika seli zake, nayo sukari hufanya maji yasigande upesi. Gome hukomaa na kuwa gumu. Maandalizi haya hayawi kwa usiku mmoja, bali huchukua majuma kadhaa. Mwaridi uliopata nafasi ya kuyakamilisha huvumilia baridi ambayo, kama ingalikuja ghafula katikati ya kiangazi, ingaliuua mara moja.

Taabu ni kwamba si kila mwaridi umerithi silaha hizo kwa kiasi kile kile. Zamani, miwaridi mingi ya Ulaya ilichanua mara moja tu kwa mwaka, kisha ikajiandaa kulala. Mwishoni mwa karne ya 18 Wazungu walileta kutoka China miwaridi iliyochanua tena na tena. Waliichanganya na ile ya kwao, na kutokana na mchanganyiko huo kikapatikana kizazi cha waridi kubwa la dukani tunalolijua leo. Waridi liitwalo 'La France', lililotolewa na Mfaransa Jean-Baptiste Guillot mwaka 1867, huhesabiwa na wengi kuwa la kwanza la kizazi hicho. Uzuri ulipatikana, lakini pamoja na uzuri ulikuja urithi wa mababu wa nchi zenye joto, wasiozoea kulala usingizi wa baridi. Miwaridi ya namna hii ikiachwa wazi huanza kupoteza matawi yake baridi ikipita kiasi cha nyuzi 12 za Sentigredi chini ya sifuri, na ikizidi sana hufa kabisa.

Kuna udhaifu wa pili. Mwaridi ununuliwao kwa mfanyabiashara wa miche aghalabu si mmea mmoja bali ni miwili. Mizizi ni ya mwaridi mwitu wenye nguvu, na juu yake limebebeshwa jicho la mwaridi wa fahari. Mahali hapo pa kuungania huvimba kama goti, na hapo ndipo penye roho ya mmea. Matawi yote yakifa lakini goti likapona, mwaridi utachipua tena. Goti likifa, mizizi inaweza kutoa machipukizi yake yenyewe, na mwenye bustani akajikuta anamwagilia maji mwaridi mwitu ambao hakuupanda. Ndiyo maana katika nchi za baridi kali goti hufukiwa sentimita 5 hadi 10 chini ya ardhi wakati wa kupanda. Katika nchi za joto huachwa usawa wa udongo au juu yake kidogo.

Mbali na baridi yenyewe wako wasaidizi wake. Upepo mkavu wa majira hayo hukausha matawi wakati ambapo mizizi, ikiwa katika udongo ulioganda, haiwezi kuleta maji mengine. Jua la mchana mmoja wa Februari huweza kuyeyusha gome, kisha usiku wake likaganda tena na kupasuka. Na panya, wakiona rundo la majani makavu, huhamia humo na kuguguna gome hadi theluji itakapoyeyuka.

SAA YA KUANZA

Maandalizi huanza mapema, wakati bustani bado imejaa maua na mtu asiyejua haoni dalili ya hatari yo yote. Jambo la kwanza ni kusimamisha mbolea, hasa ile yenye naitrojeni nyingi, majuma sita hadi manane kabla ya sakitu ya kwanza. Mbolea iliyotiwa kwa kuchelewa huamsha machipukizi mororo, na hayo ndiyo ya kwanza kuuawa. Katika Minnesota hii ina maana ya katikati ya Agosti.

Jambo la pili ni kuacha kukata maua. Kila ua likatwalo huuambia mmea utoe jingine. Ua likiachwa mpaka likanyauka na kufanya tunda lake dogo jekundu, mmea huelewa kwamba kazi ya mwaka imekwisha. La tatu ni maji: mwaridi usiingie katika majira ya baridi ukiwa na kiu, kwa maana tumekwisha kuona kwamba kiu ndiyo inayoua. La nne ni usafi. Majani yote yaliyoanguka hukusanywa na kuondolewa, kwani ugonjwa wa madoa meusi hujificha humo wakati wa baridi na kurudi mwaka unaofuata.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo wageni wengi hulikosea, nalo ni kufunika. Binadamu ajifunikapo blanketi hujipasha moto kwa joto la mwili wake mwenyewe, na blanketi hulizuia joto hilo lisitoke. Mmea hauna joto la mwili. Kifuniko cha mwaridi hakikuwekwa ili kuupasha moto, bali kuzuia baridi isipande na kushuka kila siku, na kuhifadhi joto dogo lililomo ardhini. Kwa sababu hiyo, anayefunika mapema kwa huruma huuharibu mmea. Chini ya kifuniko katika siku za joto za mwanzo wa Oktoba, mwaridi huacha kujiimarisha, unyevu hujikusanya, ukungu huota, na matawi huoza. Wakulima wenye ujuzi hungoja mpaka sakitu kali kadhaa ziwe zimepita na majani kuacha kukua. Kwa majani makavu na matandazo mengine hungoja mpaka uso wa ardhi uanze kuganda, na panya wakawa wamekwisha kutafuta makao mahali pengine.

UINGEREZA: UPEPO KULIKO BARIDI

Uingereza iko kaskazini sana kuliko Minnesota, lakini hewa itokayo bahari ya Atlantiki huipunguzia ukali wa majira ya baridi. Huko waridi halizikwi. Adui mkubwa ni upepo. Mwaridi mrefu ukitikiswa na dhoruba za Novemba na Desemba huyumba huku na huku, na penye shina hufanyika shimo udongoni. Maji huingia shimoni humo, huganda, na kulidhuru goti na mizizi. Kwa hiyo katika mwezi wa Novemba matawi hupunguzwa kwa kiasi cha theluthi moja, na udongo huzunguka shina hukanyagwa uwe imara. Ule upogoaji wenyewe wa kukata sana huachwa mpaka mwishoni mwa Februari au Machi. Akataye sana mapema huchochea machipukizi ambayo sakitu itayala.

UJERUMANI: TUTA NA MATAWI

Tukielekea mashariki mbali na bahari, baridi huzidi kuwa kali. Wajerumani hukusanya udongo au mboji kuzunguka shina hadi urefu wa sentimita 20 hivi, goti likafichika kabisa. Juu ya tuta hilo husimikwa matawi ya misonobari. Matawi hayo huzuia jua na upepo, lakini hupitisha hewa. Udongo wa kufanyia tuta huletwa kutoka mahali pengine, kwa sababu akwanguaye udongo wa pale pale huiacha mizizi wazi, na hivyo huwa ameondoa mlinzi mmoja ili kumweka mwingine.

Kazi ngumu zaidi ni ile ya mwaridi uliobebeshwa juu ya shina refu mfano wa mti. Goti lake haliko chini, bali liko juu kimo cha kifua cha mtu, mahali ambapo upepo wote hupita. Zamani ilikuwa desturi kuuinamisha mti mzima polepole mpaka kichwa chake kiguse ardhi, kukifunga kwa mambo, na kukifukia. Ikiwa shina limekwisha kuwa nene na haliinami, kichwa hufungwa kwa gunia lililojazwa matawi ya misonobari au nyasi kavu. Hakifungwi kwa plastiki, kwa maana plastiki hukusanya maji na joto la jua.

Ujerumani ndiyo nchi yenye bustani ya Sangerhausen, iliyofunguliwa mwaka 1903, ambayo ni moja ya makusanyo makubwa kabisa ya waridi duniani, yenye aina zaidi ya 8,000. Tena ndiyo nchi ya Wilhelm Kordes, ambaye habari zake zinawafaa askari. Vita vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 kijana huyo alikuwa akifanya kazi ya waridi nchini Uingereza, naye akatiwa kizuizini katika kisiwa cha Man kwa sababu alikuwa raia wa nchi ya adui. Katika miaka ile ya kizuizini alijifunza elimu ya urithi wa mimea. Aliporudi kwao alifanya kazi ya kutafuta miwaridi yenye nguvu ya kustahimili baridi, na kutoka mikononi mwake ukapatikana mwaridi ambao wataalamu wameuita kwa jina lake, Rosa kordesii. Mbegu ya kazi hiyo ilivuka bahari na kufika Kanada, kama tutakavyoona.

MINNESOTA: KUULAZA MWARIDI

Katika Minnesota kipimajoto huweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Tuta la Mjerumani halitoshi. Hata hivyo watu wa huko hawakukubali kuishi bila waridi, na mji wa Minneapolis una bustani ya umma ya waridi karibu na ziwa Harriet iliyoanzishwa mwaka 1908. Njia yao mashuhuri ya kuulaza mmea hufuata utaratibu huu.

Kwanza matawi hufungwa pamoja kwa kamba, bila kuyavunja. Pili, huchimbwa handaki linaloanzia kwenye shina na kwenda nje, refu kama kimo cha mmea na lenye upana wa kuutosha. Tatu, kwa upande wa pili wa shina udongo hulegezwa kwa uma wa bustani, ili mizizi ya upande huo iachie. Nne, mmea husukumwa taratibu ulale handakini. Panapopaswa kupinda ni kwenye mizizi, chini ya goti. Akiinamisha matawi yenyewe, mtu atayavunja. Tano, mmea wote hufunikwa kwa udongo, na mahali pake huwekwa alama ya kijiti, kwa sababu theluji ikianguka hapatatambulikana. Baadaye, ardhi inapoanza kuganda, hutandazwa juu yake majani makavu kwa unene wa nusu mita hivi.

Wasio na nguvu ya kuchimba hufanya tuta la sentimita 25 hadi 30 na kulijazia majani ndani ya wavu wa waya. Wengine hutumia kofia za povu gumu jeupe zinazouzwa madukani. Kofia hizi zafaa zikitobolewa matundu ya hewa, lakini zisipotobolewa huwa tanuri siku ya jua. Na wote humshukuru Mungu theluji ikianguka kwa wingi, kwani theluji laini imejaa hewa, na hakuna blanketi lililo bora kuliko hilo. Majira ya hatari kubwa ni yale ya baridi kali bila theluji.

KANADA: KUUBADILI MMEA WENYEWE

Wakanada waliuliza swali jingine: badala ya kuulinda mwaridi dhaifu kila mwaka, kwa nini tusizalishe mwaridi usiohitaji mlinzi? Katika shamba la majaribio la serikali mjini Ottawa, mtaalamu Felicitas Svejda alianza kazi hiyo katika miaka ya 1960. Aliyatumia mawaridi ya pwani za Asia ya kaskazini-mashariki, na pia yale ya Kordes. Mimea iliachwa nje bila kifuniko. Iliyokufa ilikufa, na iliyopona ndiyo iliyotumika kuzalisha.

Matunda ya kazi hiyo yalipewa majina ya wavumbuzi wa kale waliosafiri Kanada: 'Martin Frobisher' mwaka 1968, 'John Cabot' mwaka 1978, 'William Baffin' mwaka 1983, na mengine. Mingi ya miwaridi hii hukuzwa juu ya mizizi yake yenyewe bila kubebeshwa. Hata baridi ikiyala matawi yote mpaka chini, kinachochipua ni kile kile kilichopandwa. Wala Wakanada hawakukosa mfano wa kuwatia moyo, kwani waridi la mwituni huota huko hadi karibu na nchi za ncha ya kaskazini, na jimbo la Alberta lililichagua kuwa ua lake rasmi mwaka 1930.

PALE AMBAPO BARIDI NI RAFIKI

Si kila mahali baridi huhesabiwa kuwa adui. Katika Jabal Akhdar nchini Oman, juu ya milima ipitayo mita 2,000, wakulima hupanda waridi katika vitaraza vya mawe na kulikamua kuwa maji ya waridi, yale yale ambayo watu wa pwani yetu huyanyunyizia wageni kwa mrashi katika maulidi na harusi. Usiku wa majira ya baridi huko huweza kufikia sifuri. Hawaufuniki mmea. Mwaridi huo huchanua mara moja kwa mwaka, katika miezi ya Machi hadi Mei, na utulivu wa miezi ya baridi ndio unaoutayarisha kwa kazi hiyo.

Katika kusini mwa California, ambako baridi ni haba, taabu ni kinyume cha ile ya Minnesota: mwaridi hautaki kulala. Basi wenye bustani huulazimisha. Mwezi wa Januari hupogoa matawi na kuyapukutisha kwa mkono majani yote yaliyobaki, ili mmea upumzike na magonjwa yaliyo majanini yatoke. Afrika ya Kusini, ambako kipupwe huwa katikati ya mwaka, kazi ya kupogoa hufanyika mwezi wa Julai au Agosti.

KWETU, AMBAKO WARIDI HALILALI

Kwetu sisi wa Ikweta siku hazifupiki wala theluji haianguki, isipokuwa juu ya vilele virefu. Mwaridi huchanua mwaka mzima. Ni kwa sababu hiyo mashamba ya Naivasha nchini Kenya, yaliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na yale ya Uganda karibu na ziwa Viktoria, hupeleka waridi Ulaya kwa ndege. Itazame tarehe 14 Februari, sikukuu ya wapendanao: bustani za Ujerumani ziko chini ya matuta, za Minnesota ziko handakini, na ua analompa mtu mchumba wake huenda limekatwa siku chache zilizopita na mikono ya mfanyakazi wa Afrika Mashariki.

Lakini mmea usiopumzika huchoka. Kwa bustani ya kituo au kambi, yafaa kuupa mwaridi mapumziko ambayo hali ya hewa haikuupa. Uchague kipindi cha ukavu kabla ya mvua kuanza. Upunguze maji kwa majuma mawili au matatu. Kisha ukate matawi kwa theluthi moja hadi nusu kwa mkasi mkali, uondoe matawi makavu na yanayosuguana, uokote majani yaliyoanguka na kuyachoma. Machipukizi yakianza kuonekana, weka samadi iliyooza vizuri na umwagilie maji. Usikate wakati wa mvua nyingi, kwa kuwa vidonda vibichi na unyevu ni nyumba ya ukungu.

Walio nyanda za juu nao wasijione salama mno. Katika Kinangop nchini Kenya sakitu huanguka usiku wa mbingu nyeupe, hasa Januari na Februari, na mwezi wa Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai katika wilaya za Kericho na Nandi. Anayeishi mahali kama hapo na kuona jioni tulivu isiyo na wingu wala upepo, na aumwagilie udongo maji mchana, kisha aufunike mwaridi kwa gunia au nyasi kavu usiku ule, na kuufunua asubuhi.

WARIDI LA ASKARI

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa mwaka 1917, vita vikiendelea. Mwaka uliotangulia, Arthur Hill wa bustani ya Kew ya London alikuwa amekwisha kwenda Ufaransa kushauri juu ya mimea ya kupanda makaburini. Leo Tume hiyo huwakumbuka watu wapatao milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150, wakiwamo askari wa Afrika Mashariki, na makaburi yake yako pia Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Mbele ya mawe ya makaburi ya Ufaransa na Ubelgiji mara nyingi hupandwa miwaridi mifupi yenye maua mafungumafungu. Mababu wa kizazi hicho walizalishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na jamaa ya Poulsen ya Denmark, waliotaka waridi la kustahimili baridi ya nchi za kaskazini.

Kila mwaka watunzaji wa makaburi hayo hupitia safu baada ya safu wakipogoa na kusafisha. Mtu wa ukoo wa marehemu husafiri mwendo mrefu mwezi wa Juni au Julai, huenda mara moja tu maishani mwake, ili asimame mbele ya jina moja. Akikuta ua, ni kwa sababu kuna mtu aliyefanya kazi yake katika miezi ya baridi, wakati hapakuwa na mgeni hata mmoja wa kumtazama.

Kuna na waridi jingine linalostahili kutajwa. Mfaransa Francis Meilland alizalisha karibu na Lyon waridi la manjano lenye kingo za rangi ya pinki. Mwaka 1939, vita vikikaribia, alipeleka vipande vyake Ujerumani, Italia na Marekani, na kwa miaka ya vita hakujua yaliyolipata. Tarehe 29 Aprili 1945 waridi hilo lilipewa nchini Marekani jina la 'Peace', maana yake amani, na wajumbe wa mkutano wa San Francisco ulioanzisha Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake.

KUFUNGUA LINDO

Majira yakigeuka, kifuniko huondolewa kidogo kidogo, safu kwa safu, wala si kwa siku moja. Kwa maana sakitu ya mwisho huweza kuja baada ya watu kudhani kwamba imekwenda zake. Siku yenye mawingu ni bora, jua lisije likayaunguza matawi yaliyozoea giza. Kisha mkulima hukata kila tawi na kulitazama moyo wake. Ukiwa wa rangi ya hudhurungi, sehemu hiyo imekufa, naye hushuka chini kidogo na kukata tena. Ukiwa mweupe, huacha hapo.

Wakati mwingine hukata mpaka karibu na ardhi bila kuona weupe. Hata hapo haung'oi upesi. Hungoja hadi mwezi wa Juni, maana goti likiwa hai, chipukizi jekundu huweza kutokeza baada ya majirani kusema kwamba mwaridi huo umekufa. Ndugu msomaji uliyepangiwa masomo katika nchi ya theluji, ukiyaona yale matuta Oktoba, omba ruhusa uwasaidie wenyeji kuyafanya. Na ukiwa bado uko huko Aprili, nenda ukashuhudie yanavyofunuliwa.